Kompyuta Iliyonuka Sigara



Wiki tatu zilizopita nilipokea barua kutoka kwa mama mmoja wa Morogoro, mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi karibu na stendi. Alinunua kompyuta mpya hapa Dar es Salaam, akapewa na karatasi ya dhamana ya mwaka mmoja, ile ambayo wengi wetu tunaiita waranti. Mwezi wa saba mashine ikaanza kuzimika yenyewe katikati ya kazi. Akaifunga kwenye boksi lake, akapanda nayo basi mpaka dukani. Fundi akafungua ubavu wa mashine, akanusa, akaufunga. "Mama, humu mna moshi wa sigara. Dhamana yako haifanyi kazi tena."

Mama huyo havuti sigara. Wanaovuta ni wateja wake, madereva na makuli wanaosubiri barua zao zichapwe. Anauliza: je, ni kweli moshi huua kompyuta, au ameonewa tu kwa kuwa ni mama wa mkoani asiyejua vyuma?

Swali hili limenikuta pabaya. Nilivuta sigara kwa miaka kumi na tisa, na mazungumzo mengi mliyoyasikia katika miaka hiyo niliyaandika huku kisahani cha majivu kikiwa mkono wa kushoto wa kompyuta. Siku moja mashine ilianza kunguruma kama kinu cha kusaga. Kijana fundi wa mtaani kwetu alipoifungua aliniita: "Mzee, njoo ujionee. Mashine hii inavuta kukuzidi." Feni ilikuwa imevaa manyoya ya rangi ya kahawia. Alipitisha pamba yenye spiriti juu ya bodi, ikatoka na rangi ya chai ya rangi. Kwa hiyo nisikilizeni kama mkosaji, si kama hakimu.

Kompyuta hupumua. Feni yake huvuta hewa ya chumba mchana kutwa ili kupoza vyombo vya ndani, na chochote kilichomo katika hewa hiyo huingia nacho. Vumbi la kawaida ni kavu, ukilipuliza huondoka. Lakini moshi wa sigara umebeba lami ya tumbaku, tena katika chembe ndogo mno, ambazo zaidi ya mia moja zingeweza kujipanga katika upana wa unywele mmoja. Lami hiyo hunata, na vumbi likija hunaswa juu yake kama nzi kwenye ulimbo. Kidogo kidogo hufumwa blanketi juu ya kile kipande cha alumini chenye mapezi, ambacho kazi yake ni kuondoa joto kwenye ubongo wa mashine. Blanketi likishakamilika joto halina pa kutokea. Kompyuta za siku hizi zikijiona zina homa hupunguza mwendo, na homa ikizidi hujizima zenyewe ili zisiungue. Mafundi wana kanuni yao kuhusu vile vikopo vidogo vya kuhifadhi umeme viitwavyo kapasita: kila joto likipanda nyuzi 10, umri wake hupungua kwa nusu. Hayo ndiyo madhara ya moshi. Ni ya kweli, lakini ni ya polepole.

Watu wengi huogopa zaidi diski, kwamba chembe moja ya moshi itapita chini ya kichwa cha kusomea na kukwangua kumbukumbu zote. Hofu hiyo ilikuwa na haki yake zamani, wakati diski zilikuwa masahani makubwa ya kupakia na kupakua kwa mkono, na ndiyo maana vyumba vya kompyuta vilikuwa na vibao vya kukataza sigara. Mwaka 1973 kampuni ya IBM ilitoa diski iliyofungiwa pamoja na vichwa vyake, na mtindo huo ukaenea. Diski ya kuzunguka ya leo hupumua kupitia tundu dogo lenye chujio, na zile mpya zisizozunguka hazina hata kichwa cha kukwangua. Mahali ambapo moshi huumiza upesi ni kwenye kile kijicho cha kusomea CD. Kikipata ukungu wa lami, hakioni.

Basi twende kwa fundi na pua yake. Jambo hili halikuanzia Dar es Salaam. Mwezi Novemba 2009 huko Marekani kulikuwa na mjadala mkubwa baada ya wateja wawili wa kampuni ya Apple, kila mmoja mahali pake, kulalamika kwamba kompyuta zao zilikataliwa kutengenezwa zikiwa bado ndani ya dhamana waliyoilipia, kwa sababu zilitumika katika nyumba ya wavutaji. Walivyoeleza, hawakuambiwa tu kwamba moshi umeharibu mashine. Waliambiwa kwamba masalia ya moshi ni hatari kwa afya ya mafundi, na kwamba nikotini imo katika orodha ya vitu vya hatari ya OSHA, idara ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama kazini. Walisema pia kwamba katika mkataba wao hakukuwa na mstari hata mmoja unaotaja sigara.

Orodha hiyo ipo. Nikotini imewekewa kiwango kisichozidi nusu miligramu katika kila mita moja ya ujazo ya hewa ya mahali pa kazi. Lakini katika orodha hiyohiyo imo na spiriti ya aina ile ambayo mafundi huitumia kusafishia bodi. Sijasikia fundi aliyekataa kazi kwa kuogopa chupa yake mwenyewe. Kuwamo katika orodha maana yake ni kwamba kuna kiwango cha kuangalia. Si kwamba kitu kisiguswe.

Hata hivyo sitaki kumcheka fundi. Mwaka 2010 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, huko California, walionyesha kwamba nikotini iliyoganda juu ya vitu inaweza kuungana na asidi fulani iliyomo hewani na kuzaa kemikali zinazoleta saratani. Kijana anayepuliza mashine kumi kwa siku ndani ya chumba kisicho na dirisha ana haki ya kulalamika. Ila malalamiko hayo yaende kwa tajiri wake, ampe barakoa na glavu, na ampeleke nje akapulizie uani. Kumrudisha mama wa watu Morogoro na boksi lake si kinga ya afya ya yeyote.

Na tusisahau majiko ya chipsi. Kibanda kinachopakana na karai la mafuta hupata utando uleule wa kunata, pengine mbaya zaidi. Mbona sijasikia dhamana iliyokufa kwa ajili ya chipsi mayai?

Kwa maoni yangu, harufu si ushahidi. Ikiwa mapezi yameziba na mashine imeungua kwa joto, muuzaji ana hoja, mradi karatasi yake ilisema hivyo tangu siku ya kuuza. Lakini moshi hauvunji kioo wala haung'oi kitufe, na pawa saplai inaweza kufa kwa sababu ya umeme unaopanda na kushuka, hata katika nyumba ya shehe asiyewahi kushika sigara. Anayekataa kutengeneza ndiye anayepaswa kuonyesha ni kipande gani kimekufa, na moshi umekiua vipi.

Nilimwandikia mama mambo mawili. Kwanza, adai kukataliwa kwake kwa maandishi, yenye sahihi na muhuri wa duka, maana bila karatasi hata akienda Tume ya Ushindani atakuwa na maneno matupu. Pili, aombe mashine ipulizwe na kusafishwa mbele ya macho yake kisha iwashwe, hata kama gharama ya kusafisha ni yake. Kwa upande wa wateja wake, nilimshauri aweke benchi nje.

Jumatatu alinipigia simu. Barua hawakumpa, lakini mashine waliipuliza, kwa shilingi elfu kumi na tano alizotoa yeye. Iliwaka dakika ishirini, mapezi yakiwa safi na feni ikizunguka vizuri, ikazimika tena. Fundi alikuna kichwa, akasema itabidi wajaribu pawa saplai nyingine, arudi Ijumaa. Nani atailipia, hawajamwambia.