Usipoziba Ufa



Juma lililopita alinijia kijana wa jirani yangu, hajatimiza miaka 25. Nilipomkaribisha chai alivua kofia kwa aibu. Nywele zimerudi nyuma pande zote mbili za paji la uso, na utosini zimebaki chache. "Mzee," akasema, "kazini wananiita kipara ngoto." Mkononi alishika chupa ya mafuta aliyouziwa kando ya barabara kwa nusu ya mshahara wake. Alitaka kujua kama anunue ya pili.

Nilimwambia asinunue, nawe nakuambia sababu.

Upara wa namna hii hauletwi na kofia wala kufikiri sana. Ni urithi, wa upande wa baba na wa mama vilevile. Mwilini, homoni ya kiume iitwayo testosteroni hugeuzwa kuwa homoni nyingine kali zaidi, nayo hudumaza mashina ya nywele ya mtu aliyezaliwa na udhaifu huo. Kila unywele unaoota huwa mwembamba kuliko uliotangulia, mpaka shina linachoka. Mwaka 1942 Mmarekani James Hamilton alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakupata upara. Mafuta ya chupani yatafanya nini hapo?

Dawa zinazojulikana zaidi kwa kusaidia ni mbili. Ya kwanza, minoksidili, ilikuwa kidonge cha shinikizo la damu. Wagonjwa walipoanza kuota nywele mwilini, ikatengenezwa ya kupaka kichwani, na Marekani ikaiidhinisha mwaka 1988. Hupakwa kila siku, na huhitaji miezi minne au zaidi kuonyesha kazi. Wiki za mwanzo nywele huweza hata kudondoka zaidi, na wengi hukata tamaa hapo.

Ya pili ni finasteraidi, kidonge cha miligramu moja, kilichoidhinishwa Marekani kwa upara mwaka 1997. Huzuia ile homoni isigeuzwe. Lakini usiinywe bila daktari. Wanaume wachache hupungukiwa nguvu za kiume, na mwaka 2025 Shirika la Dawa la Ulaya lilithibitisha kuwa mawazo ya kujiua ni miongoni mwa madhara yake. Mama mjamzito asiguse kidonge kilichovunjika.

Ukiacha dawa, faida yake nayo huondoka. Hata upasuaji wa kupandikiza huhamisha tu nywele za kisogoni kuzileta mbele.

Kwa hiyo kwanza muone daktari wa ngozi. Nywele zikitoka kwa mabaka, au kichwa kikiwasha na kutoa magamba, huenda ni mapunye au maradhi mengine yenye tiba yake.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Dawa hizi hulinda nywele zilizopo kuliko kurudisha zilizokwenda, basi anayetaka kutibu aanze mapema. Na asiyetaka hajakosa, kwani upara hauui mtu, na wembe ni bei rahisi. Nanyi mnaowacheka wenzenu makazini, chungeni ndimi. Kejeli zenu ndizo zinazomtajirisha mwuza chupa.

Kijana alipoaga aliiacha chupa mezani. Kofia aliivaa.

Hadi juma lijalo, kwaheri.