Kusoma Alama za Pikipiki Kuukuu

Baadhi ya milango ya Mji Mkongwe, hapa Unguja, imechorwa mwaka juu yake. Lakini mlango waweza kung'olewa ukatiwa nyumba nyingine. Hapo mwaka ni wa mlango, si wa nyumba. Ndivyo zilivyo pikipiki kuukuu za Kimarekani.

Tutazame Harley-Davidson ya kijeshi. Ubavuni mwa injini, upande wa kushoto, pamegongwa 42WLA, kisha tarakimu nyingine. 42 ni mwaka 1942. W ni ukoo wa injini ya sentimita za ujazo 740. L ni mgandamizo mkubwa. A ni jeshi la Marekani. Iliyoundwa kwa jeshi la Kanada ni WLC.

Ila tusihadaike. WLA zilizoundwa baadaye, hata 1945, nazo ziligongwa 42. Tena kabla ya 1970 kiunzi hakikugongwa namba hiyo kiwandani; injini ikihamishwa, jina huhama nayo.

Basi kabla ya kutoa fedha, tusome kila herufi na kuipapasa kwa kidole. Palipopigwa tupa pakagongwa upya, tushuku wizi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.