Mafuta ya Mjane na Deni la Nyumba

Somo: 2 Wafalme 4:1–7

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi huogopa kulitaja hata katika maombi ya nyumbani, nalo ni deni lililozidi nguvu. Sisemi juu ya deni la sukari dukani, linalolipwa mwisho wa mwezi. Nasema juu ya mtu ambaye yote anayopata hayatoshi kulipa yote anayodaiwa. Simu ikilia, moyo unashtuka. Hodi ikipigwa, watoto wanaambiwa waseme baba hayupo.

Katika somo letu tunasoma habari za mjane aliyeachiwa deni na mumewe. Mwenye kudai alikuwa amekuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Angalieni, marehemu huyo hakuwa mlevi wala mcheza kamari. Alikuwa mmoja wa wana wa manabii, na mkewe anamshuhudia kwamba alimcha Bwana. Basi tusimhesabu kila mdaiwa kuwa mpotevu. Kuna ugonjwa, kuna kuachishwa kazi, kuna mvua isiyonyesha.

Mama huyu alipomlilia Elisha, nabii hakuanza kwa kuuliza deni ni kiasi gani. Alitaka kujua nyumbani mna nini. Mama akajibu kwamba hamna kitu, ila mafuta kidogo. Ndugu zangu, hapo ndipo mahali pa kuanzia. Mwenye deni hutazama deni mchana na usiku, hata asione kile kidogo ambacho Mungu amemwachia.

Tena angalieni jambo la pili. Elisha alimwambia mama ajifungie ndani pamoja na wanawe, na wana hao ndio waliokuwa wakimletea vyombo naye akimimina. Kazi ilifanywa na nyumba nzima. Lakini kwetu mara nyingi mume anaficha barua ya benki chini ya godoro, na mke anaficha deni la chama. Kila mmoja anakopa kwa siri ili kuziba tundu la mwenzake. Nyumba ya namna hiyo haiwezi kuwa na hesabu, kwa maana hakuna anayejua ukweli. Basi funga mlango jioni moja, keti na mwenzako, mwombe, kisha chukueni karatasi.

Tuchukue mfano. Mume analeta shilingi 24,000 kwa mwezi, na mke katika kuuza mboga anapata faida ya 9,000. Jumla ni 33,000. Andikeni kwanza yale ambayo bila hayo nyumba haisimami: kodi 7,000, chakula 11,000, maji, stima na makaa 3,000, nauli ya kwenda kazini 2,500, karo ya kuweka kando 3,500, dawa 1,000. Hiyo ni 28,000. Zimebaki 5,000. Sasa geuzeni karatasi, mwandike madeni yote bila kuficha hata moja. Tuseme mwenye duka anadai 100,000, chama kinadai 60,000, na rafiki anadai 40,000. Jumla ni 200,000.

Wengi wakifika hapo hukata tamaa, au humpa zile 5,000 yule anayepiga kelele zaidi. Lakini haki ni kumgawia kila mmoja kwa kadiri ya deni lake: mwenye duka 2,500, chama 1,500, rafiki 1,000. Kama hakuna riba inayoongezeka, deni lote litakwisha katika miezi 40. Ni safari ndefu, lakini ina mwisho.

Ila safari hiyo haiwezekani mtu akikopa ili kulipa mkopo. Mkopo wa simu wa M-Shwari ulipoanza mwaka 2012 ulitoza ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30, yaani shilingi 75 kwa kila 1,000. Anayekopa 1,000, akailipa, akaikopa tena kila mwezi, mwisho wa mwaka atakuwa ametoa ada ya 900, na ile 1,000 bado si yake. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Kama una deni la namna hii, lianze hilo, kwa maana linakua wakati wewe umelala.

Hapo mwingine atauliza, “Na sadaka je? Na harambee?” Mtume Paulo anawafundisha Wakorintho, katika Waraka wa Pili, sura ya 8, kwamba utoaji unakubaliwa kwa kadiri ya kile mtu alicho nacho, wala si kwa kile asicho nacho. Ndugu, ukisimama mbele ya watu ukaahidi 10,000 kwa kuogopa aibu, na huku mwenye duka amengoja mwaka mzima, umetoa fedha ya mwenye duka. Toa kidogo kilicho chako kweli. Yeye aliyezipokea senti mbili za mjane hekaluni hatakudharau.

Hesabu ikiwa tayari, usikae nayo nyumbani. Mama yule alipojaza vyombo alirudi kwa mtu wa Mungu, akaagizwa auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa yaliyosalia. Mungu alifanya mwujiza, lakini hakulifuta lile deni. Mama alikwenda sokoni, kisha akamwendea mwenye kudai. Nawe nenda kwa wanaokudai kabla hawajaja kwako. Waonyeshe karatasi yako. Usiahidi 10,000 ukijua una 2,500. Tena uwakumbuke waliokudhamini kwenye ushirika wa akiba na mikopo. Pengine mnaketi nao benchi moja kanisani. Ni vibaya ndugu ajue habari za kushindwa kwako kwa kuona mshahara wake umekatwa. Mwambie mapema, ijapokuwa ni uchungu.

Yafaa pia kujua kwamba sheria haikumwacha mdaiwa uchi. Torati, katika Kumbukumbu la Torati 24, inakataza kutwaa jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa maana huo ni uhai wa mtu. Hapa Kenya, Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, kifungu cha 44, inakataza dalali anayetekeleza hukumu ya deni kuchukua nguo za lazima, vyombo vya kupikia na matandiko ya mdaiwa, mkewe na watoto wake, wala vifaa vya fundi vya kazi yake. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara. Wewe uliyeajiriwa, itazame karatasi yako ya mshahara.

Na ikiwa hata baada ya hayo yote mzigo hauchukuliki, kuna Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Kwa sheria hiyo mdaiwa aweza kuwapa wanaomdai mpango wa malipo wakaupigia kura. Na akitangazwa na mahakama kuwa amefilisika, kwa kawaida hufunguliwa baada ya miaka 3 tangu atoe maelezo ya mali na madeni yake, ila kama kuna pingamizi. Lakini deni la udanganyifu halifutwi, wala fedha za matunzo ya familia zilizoamriwa na mahakama. Mlango huu ni mzito, na mtu asiuingie bila shauri la wakili. Lakini asiuone kuwa ni kaburi. Katika Israeli pia Mungu aliweka mwaka wa saba uwe mwaka wa kuachilia.

Neno la mwisho ni kwetu sisi tusiodaiwa. Mjane yule aliazima vyombo kwa majirani zake, na bila vyombo hivyo mafuta yangemiminwa wapi? Jirani yako akikuonyesha karatasi yake, usiipeleke kisimani ikawa hadithi. Pengine huna fedha za kumpa. Mpe chombo: kibarua cha siku mbili, debe la mahindi, nafasi ya kuuzia mboga mbele ya duka lako, au muda wa kungoja, ikiwa wewe ndiwe unayemdai.

Na wewe uliye na deni, leo jioni funga mlango, wala usimfiche mwenzako neno.

Tuombe. Ee Baba, wajua nyumba ambazo leo zinaogopa hodi. Wape ujasiri wa kusema kweli, na mkate wa watoto wao, na uaminifu wa kulipa kidogo kidogo. Wape wanaodai moyo wa huruma. Katika jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.