Mji Wenye Jina la Mwafrika

Wasikilizaji wetu, leo twawapeleka Katalunya, katika nchi ya Hispania. Nyuma ya vilima vya Collserola, upande wa pili wa Barcelona, uko mji wa Sant Cugat del Vallès. Jina lake ni la shahidi Cucufate, ambaye mapokeo yasema alizaliwa Afrika ya kaskazini, akauawa kwa ajili ya imani mwanzoni mwa karne ya 4. Kwa heshima yake watawa wa Kibenedikto, wafuatao kanuni ile ile ya Peramiho, walijenga nyumba kubwa ya mawe. Ua wake umezungukwa na baraza yenye vichwa vya nguzo 144, vilivyochongwa ndege, wanyama na visa vya Biblia. Fundi Arnau Cadell alijichonga mwenyewe akiwa kazini, na jina lake likaandikwa kando. Nasi hatumlaumu, maana mafundi wangapi wa zamani wamesahauliwa!

Watawa waliondoka mwaka 1835. Mwaka 1917 reli ya kutoka Barcelona ilipenya vilima, na wenye mali wakaja kufuata hewa safi. Siku hizi kodi za nyumba zimepanda mno, hata vijana wazaliwa wa hapo huenda kupanga Rubí, mji wa jirani.