DEGEDEGE SI NDEGE
(Mazungumzo ya Kamati ya Afya mbele ya mkutano wa wanachama)



Kabla ya hesabu za korosho tumepewa nafasi tuseme machache juu ya mambo ambayo kila mtu anayajua, tena si kweli.

La kwanza ni dogo. Eti maembe mabichi yanaleta malaria, eti kunyeshewa mvua nako kunaleta. Maembe na mvua huja karibu msimu mmoja, na mvua ndiyo inayojaza madimbwi anamozaa mbu. Mtoto anakula embe leo, usiku anaumwa na mbu jike wa anofelesi, homa inakuja baada ya wiki moja au mbili. Embe ndilo linaloshtakiwa! Ronald Ross aliona vijidudu hivyo tumboni mwa mbu huko India tangu 1897.

Sasa tuje kwenye degedege, maana hapa ndipo tunapozika watoto.

Watu husema kuna dege, au shetani, amepita juu ya nyumba, kivuli kikamwangukia mtoto. Basi mtoto anafukizwa moshi wa kinyesi cha tembo, wengine wanamkojolea. Halafu linaongezwa lile neno baya kuliko yote: usimpeleke zahanati, akichomwa sindano atakufa.

Hivi neno hilo limetoka wapi? Hatudhani ni ujinga mtupu. Watu wameona kwa macho yao. Mtoto anashikwa usiku, anafukizwa siku ya kwanza, siku ya pili anapelekwa kwa fundi mwingine, siku ya tatu hajitambui ndipo anabebwa kwenda zahanati. Anachomwa sindano, anafariki. Sindano inapata jina baya, zile siku tatu hakuna anayezihesabu. Na upande wa pili, mara nyingi mtukutiko huacha wenyewe baada ya dakika chache, hata usipofanya kitu. Aliyekuwa anafukiza wakati huo anapewa sifa na kuku juu! Kumbe vijidudu bado vimo damuni.

Degedege kwa mtoto mwenye homa huweza kuwa malaria kali iliyofika kwenye ubongo. Huweza pia kuwa homa ya uti wa mgongo, au homa nyingine tu. Kwa macho huwezi kutofautisha, hata uwe bibi mwenye wajukuu ishirini. Lazima apimwe damu, na malaria kali dawa yake ya kwanza ndiyo hiyohiyo sindano inayoogopwa.

Akishikwa, mlaze kwa ubavu, mlegeze nguo, mwondolee vitu vya kumuumiza. Usimtie kijiko mdomoni, wala dawa, wala maji, atapaliwa. Kisha safari ianze saa ileile. Wazee wakitaka kuomba dua, na waombe, lakini njiani.

Mama mmoja ameuliza: baba hayupo, nani atoe ruhusa? Kamati inasema mama asingoje ruhusa. Ndugu waume mliopo hapa, semeni neno hilo nyumbani leo, kabla homa haijaingia.

Baiskeli ya chama yenye kiti cha nyuma inakaa ghalani. Ufunguo anao mtunza ghala, nyumba ya tatu kutoka kisimani. Mgongeeni hata usiku wa manane, amekubali mbele ya mkutano. Malipo hakuna.