DAMU YA NGURUWE YASEMA NINI?

Hotuba kwa wafugaji wa Karen, Dagoretti na Ngong



Nia yangu ni kuwaeleza jambo moja ambalo limewatia wengi wasiwasi. Daktari wa mifugo afikapo bomani na sindano na vichupa, anatafuta nini katika damu ya nguruwe? Na majibu yake yamfaa nini mwenye mali?

Ugonjwa tunaouzungumzia ni homa ya nguruwe ya Kiafrika. Ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza katika nchi hii hii ya Kenya. Mwaka 1921 daktari wa wanyama aitwaye Montgomery alitoa taarifa juu ya nguruwe wa walowezi waliokuwa wakifa ghafula. Katika hesabu yake ya nguruwe 1,366 waliopatwa, walikufa 1,352. Nguruwe huona homa kali, huacha kula, masikio na tumbo huiva wekundu, kisha hufa katika siku chache. Dawa ya kumponya haipo. Lakini binadamu haambukizwi ugonjwa huu.

Montgomery alitambua pia kwamba ngiri wa porini huchukua vidudu vya ugonjwa huu, ambavyo wataalamu huviita virusi, bila kuugua. Mwaka 1969 Plowright na wenzake, waliokuwa wakifanya kazi Muguga, walitangaza kwamba virusi hivyo vimeonekana katika papasi waishio ndani ya mashimo ya ngiri. Papasi hunyonya damu ya ngiri mchanga, akahifadhi virusi mwilini mwake, na baadaye akamwuma mnyama mwingine. Jambo hili latuhusu sana sisi wa huku, kwa maana Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, haiko mbali nasi, na ngiri si mgeni katika viunga vya Lang'ata na Karen.

Sasa tuje kwenye damu. Mwili wa mnyama ukishambuliwa na adui, huunda askari wa kupigana na adui yule peke yake. Askari hao huitwa kingamwili. Vita vikiisha, askari hubaki katika damu kwa muda mrefu. Basi daktari huacha damu igande, akachukua maji yake, akayatia katika kisahani chenye vipande vya virusi vilivyokufa. Kama kingamwili zimo, hushikamana na vipande hivyo, na dawa maalumu hubadilika rangi. Hapo twajua kwamba nguruwe yule aliwahi kukutana na ugonjwa. Na kwa kuwa nguruwe wetu hawachanjwi dhidi ya homa hii, askari hao hawakutoka kwenye chanjo. Ni kitoto anyonyaye tu awezaye kuwapata bila kuugua, kwa maziwa ya mama yake.

Faida ya kazi hii ni kubwa. Damu zikikusanywa kijiji kwa kijiji na machinjioni, wataalamu huweza kuona ugonjwa ulipopita, hata mahali ambapo hakuna aliyetoa habari za vifo.

Lakini sikilizeni vizuri hapa. Kingamwili hazionekani ila baada ya siku 7 hadi 10 hivi tangu kuambukizwa, na nguruwe wengi hufa karibu na wakati huo huo au kabla yake. Kwa hiyo damu isiyo na kingamwili haimaanishi kwamba boma ni salama. Yawezekana walioambukizwa wamekwisha kufa, au ugonjwa umeingia juzi tu. Ndiyo sababu daktari hupima pia virusi vyenyewe. Mwaka 2017 wataalamu waliandika kwamba walikuta virusi hivyo katika viungo vya nguruwe walioonekana wazima kabisa, huko mpakani mwa Kenya na Uganda. Kipimo kimoja hujibu swali moja tu. Si busara kukitaka kijibu yote.

Najua hofu iliyopo. Mtu husema, "Nikimwita daktari, boma litafungwa, na karo ya watoto nitaipata wapi?" Hofu hiyo si ya kuchekwa. Hata hivyo, amwuzaye nguruwe mgonjwa upesi upesi humpelekea jirani msiba, na msiba huo humrudia mwenyewe pamoja na nguruwe atakaonunua kesho. Mwaka 1957 homa hii ilivuka bahari ikafika Lisbon, na yasemekana iliingia kwa mabaki ya chakula cha ndege waliyopewa nguruwe. Mwaka 2007 ilifika Georgia, na mwaka 2018 ikaingia China. Ikiwa kipande cha nyama chaweza kuyafanya hayo, je, nguruwe mzima aliyepakiwa garini?

Basi yafaa tufanye haya. Nguruwe wafungiwe ndani ya ua imara, ngiri wasiwakaribie. Mabaki ya chakula cha mahoteli yachemshwe kwa nusu saa kabla ya kulishwa, na yasiwe na nyama ya nguruwe. Mgeni asiingie bandani na viatu alivyotoka navyo kwa jirani. Nguruwe akifa ghafula, asichinjwe wala kuuzwa. Daktari wa mifugo apewe habari siku ile ile, kama Sheria ya Magonjwa ya Wanyama iagizavyo, na damu ichukuliwe ugonjwa ungali mpya.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Akija mwenye sindano, mfungulieni mlango, kisha mwulizeni majibu yake. Ni haki yenu kuyajua.