Fahali wa Kikundi na Binti Zake
(Hotuba kwa vikundi vya maendeleo, Tabaka)



Mwenyekiti, akina mama, akina baba na vijana, nimeombwa niseme juu ya fahali wa kikundi. Jambo hili limeleta maneno mengi. Fahali amezaa ndama wazuri, ada ya kupandisha inaingia kwa sanduku, halafu mtu anasimama mkutanoni kusema auzwe! Wengine wanamwona ni adui wa maendeleo. Mimi nasema asikilizwe.

Sisi Abagusii hatuoi ndani ya ukoo. Kijana akileta msichana nyumbani, wazee huuliza kwanza: ni wa ukoo gani? Lakini kwa ng'ombe hatuulizi. Mtamba akiwa kwa joto tunampeleka kwa fahali aliye karibu, na huyo mara nyingi ndiye baba yake.

Ndama hurithi nusu kwa baba na nusu kwa mama. Ndani ya urithi huo hakukosi kasoro iliyojificha. Akiipata kwa mzazi mmoja tu, mara nyingi haimdhuru, maana upande mzima unaifunika. Akiipata kwa wote wawili, inatokeza. Sasa binti tayari amebeba nusu ya urithi wa baba yake. Ukimrudisha kwa baba huyo huyo, kasoro zinakutana. Mimba zinatoka, ndama wanazaliwa dhaifu, maziwa yanapungua kizazi kwa kizazi, nasi tunasingizia nepia na mvua.

Msidhani fahali mwenye sifa ameponyoka. Kule Marekani mwaka 1962 alizaliwa fahali wa Holstein aliyeitwa Chief. Binti zake walitoa maziwa mengi sana, mbegu yake ikasambaa, akawa na mabinti wapatao 16,000. Kumbe alikuwa na kasoro moja iliyojificha, inayoua ndama angali tumboni. Wajukuu na vitukuu wake walipopandana, utafiti wa mwaka 2016 ulikadiria kuwa mimba zaidi ya laki tano ziliharibika. Kwa macho hakuwa na ubaya wowote.

Zamani wengi walitegemea mbegu ya mrija. Kituo cha Kabete kilianzishwa mwaka 1946, na kwa miaka mingi serikali ilibeba gharama kubwa. Ilipojiondoa miaka ya 1990 bei ikapanda, na fahali wa jirani akarudi. Simlaumu mtu. Mwenye ng'ombe mmoja hulipa anachoweza. Hata hivyo, wenye kutumia mrija nao waandike jina na namba ya fahali, wasije wakarudia yule yule kwa binti yake.

Haya, hesabu ya fahali wetu. Mimba ni miezi 9. Mtamba aliyelishwa vizuri anaweza kupandwa akiwa na miezi 15. Jumla ni 24. Kwa hiyo fahali akianza kazi leo, baada ya miaka miwili binti zake wanabisha mlangoni. Hapo auzwe, au abadilishwe na wa kikundi cha mbali, tuseme upande wa Nyamira, baada ya daktari wa mifugo kuwapima wote wawili ugonjwa wa kutupa mimba. Na muulize: huyo wao si ndugu ya huyu wetu?

Mkienda kununua, msivutiwe na shingo nene. Ombeni kumwona mama yake, chuchu zake na maziwa yake. Fahali mmoja huweza kuzaa ndama makumi kwa mwaka, na ng'ombe jike mmoja tu, kwa hiyo kosa lake linaingia kila boma. Shikeni kende: ziwe mbili, kubwa, zinazolingana. Mwenye moja aachwe, hata akiuzwa rahisi. Aliyezaliwa na uvimbe wa kitovu, au ambaye taya hazikutani, huyo ni wa bucha. (Akina mama waliniuliza juu ya mapacha. Dume aliyezaliwa pacha kwa kawaida hana neno. Jike aliyezaliwa pamoja na dume ndiye karibu kila mara huwa tasa.)

Kikundi kinunue daftari moja. Kila ndama aandikwe siku ya kuzaliwa, mama yake na baba yake. Mama mjane mwenye mtamba mmoja hana nafasi ya kujaribu mara mbili. Katibu, naomba tuanze na ng'ombe wa waliopo hapa leo, kabla hatujatawanyika.